Zamu ya Alhamisi

Ndugu msomaji, kama umewahi kuketi mbele ya kompyuta ukaiamuru ikutafutie faili moja tu, nayo badala ya kukujibu ikakuonyesha kiduara kinachozunguka kama pia isiyochoka, hata chai yako ikapoa na dirisha lote likapauka mithili ya uso wa mgonjwa, basi utanielewa kwa haya nitakayoyasimulia. Mimi yalinikuta mwezi wa Oktoba, mwaka 2023, usiku wa Alhamisi, nyumbani kwetu Vudee. Siku ya Jumamosi, saa tatu za asubuhi, palikuwa na kikao cha wakulima, na mama yangu aliitwa kwenye kikao hicho aeleze kwa nini nyumba yake inatumia zamu mbili za maji ilhali nyumba nyingine zina moja moja.

Yafaa niwaeleze wasomaji wa mijini, ambao maji kwao ni ya bomba na ankara ya kila mwezi, maana ya zamu. Vudee imo katika milima ya Upare wa Kusini, wilayani Same, katika safu ile ile ambayo kilele chake kirefu, Shengena, kina mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Mkulima wa huko hakuachia mawingu yaamue kila kitu. Tangu enzi za mababu Wapare wamejenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukingia maji ya vijito. Usiku mlango wa ndiva hufungwa, maji yakajaa. Asubuhi hufunguliwa, yakateremka kwa mifereji hadi mashambani, kila nyumba kwa zamu yake. Mfereji ukibomoka, au ndiva ikijaa tope, hupigwa msaragambo, na kila nyumba hutoa mtu na jembe lake. Maji ya mto Vudee nayo hayaishii kwetu. Huteremka hadi Bangalala na kuelekea Makanya huko chini kwenye joto. Kwa hiyo anayejizidishia zamu huku juu, yupo mwenziwe anayepungukiwa, hata kama hamwoni.

Marehemu baba alikuwa mwandishi wa ndiva yetu tangu mwaka 1976 hadi alipofariki mwaka 2015. Aliacha madaftari kumi na moja. Mwaka 2016 nilikuta mchwa wamekwisha anza kuyaonja, nikayachukua kwenda nayo Dar es Salaam, nikayapiga picha ukurasa kwa ukurasa, picha 1,318 kwa jumla, nikazihifadhi katika diski ya nje ya kompyuta. Nilijiona mtu wa maendeleo. Nilimpigia mama simu nikamwambia asiwe na wasiwasi tena, maandishi ya baba yamo ndani ya kompyuta na hayatapotea milele. Mvua za Aprili 2018 zilipofurika bonde la Msimbazi, maji yaliingia ndani ya chumba chetu Kigogo, yakalikuta sanduku la madaftari sakafuni. Tulianika kurasa juani siku tatu. Wino wa baba ulikuwa umekwisha kuwa rangi ya anga. Hivyo madaftari ya maji yaliangamizwa na maji, na zikabaki picha zile tu.

Sasa turudi usiku wa Alhamisi. Jambo lenyewe lililogombaniwa lilikuwa hili. Nyumba yetu ilitumia zamu ya Jumatatu na zamu ya Alhamisi. Wazee wote walikumbuka kwamba katika mwaka wa ukame wa 1984 zamu ya Alhamisi “iliazimwa” baina yetu na jirani wa ng'ambo ya mfereji. Lakini nani aliazima kwa nani? Hapo ndipo Kiswahili chetu kinapowaangusha wenyewe, maana mwenye kutoa husema ameazima, na mwenye kupokea naye husema ameazima. Mama aliamini kwa moyo wote kwamba baba ndiye aliyewapa majirani zamu yake, na baadaye ikarudi kwake kwa haki. Jirani alikwisha kufa, lakini mwanawe alikuwa amerudi kutoka mjini Tanga, ana mke na watoto na miche ya kahawa, naye alisema kinyume chake. Kamati ilitaka maandishi. Mama akaiambia kamati: “Mwanangu anayo, yamo katika kompyuta.”

Niliunganisha diski, nikafungua dirisha la mafaili, nikaandika katika kisanduku cha kutafutia neno moja tu: zamu. Ule mstari wa kijani ukatambaa hadi karibu na mwisho, ukasimama. Nikangoja. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena mara kumi kwa hasira, kana kwamba nambisha hodi kwa mtu kiziwi. Kichwani mwa dirisha yakatokea maneno kwamba programu haijibu. Binti wa dada yangu, aliye kidato cha tatu, akaniambia, “Mjomba, si uzime uwashe?” Nikashikilia kitufe cha umeme mpaka mashine ikazimika kwa nguvu. Nikawasha, nikaandika neno lile lile, ikaganda pale pale. Nilifanya hivyo mara nne. Baadaye nilifahamu kwamba kila nilipoizima kwa nguvu nilikuwa nazidi kuiharibu.

Aliyeniokoa hakuwahi kugusa kompyuta maishani mwake. Baba mdogo alikuja kula makande, kama ilivyo desturi yake siku ambazo anasikia nimefika kutoka Dar es Salaam. Yeye alifanya kazi ya ukarani wa masjala katika ofisi moja ya serikali kwa miaka ishirini na tisa. Wasomaji vijana huenda wasijue kwamba kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kwamba mwaka 1974 serikali hiyo hiyo ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kizazi cha Baba mdogo kiliendesha nchi kwa masjala, kwa makabati ya chuma, kwa daftari la kuandikishia mafaili na kwa karani aliyejua kila kitu kimelala wapi. Alinitazama nikihangaika, akamaliza sahani yake pole pole, kisha akauliza:

“Hebu nieleze, mwanangu, mashine hii hutafuta namna gani?”

Nikamweleza kama nilivyojua. Windows ina njia mbili. Ya kwanza ni faharasa: mashine ikiwa imetulia hupita katika mafaili, ikaandika pembeni jina la kila faili na maneno yaliyomo, ili ukiuliza isome daftari lake badala ya kwenda kupekua. Ya pili ni ya mahali ambapo faharasa haijafika, mathalani diski ya nje. Huko mashine haina budi kupita folda kwa folda, faili kwa faili, tangu mwanzo hadi mwisho.

“Basi hiyo ni masjala,” akasema. “Ukiwa na daftari, unakwenda moja kwa moja kwenye rafu. Usipokuwa nalo, unamtuma karani apekue kabati zima. Na karani akichelewa sana kurudi, haina maana kwamba amelala. Amesimama mbele ya mlango uliofungwa anasubiri mwenye ufunguo, au amekamata faili lililonatana kwa unyevu na hathubutu kulichana. Usimpigie kelele. Mfuate ukaone amesimama wapi.”

Nawaambieni ukweli, nimesoma maelezo mengi ya wataalamu juu ya ugonjwa huu, lakini hakuna aliyeueleza vizuri kuliko mzee yule. Aliniuliza swali la pili, ambalo alisema ndilo la kwanza masjala kila faili lilipopotea: nani alilishika mwisho, na ni kitu gani kimebadilika tangu siku lilipoonekana? Nikafikiri. Kulikuwa na mambo mawili. Mashine ilikuwa na diski ile, ambayo iliwahi kuniponyoka ikaanguka sakafuni. Tena ofisini kwetu Dar es Salaam kompyuta zote zimeunganishwa na hifadhi moja ya mafaili ya pamoja, na kompyuta yangu, hata ikiwa huku mlimani, ilikuwa bado na alama ya hifadhi hiyo. Kumbe kila nilipoiagiza itafute kila mahali, ilikwenda kubisha hodi katika mlango ulio mbali zaidi ya kilomita 400, ikangoja kufunguliwa.

Tukaanza kazi ya kumfuata karani. Kwanza, badala ya kuizima mashine kwa nguvu, nilibonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Hutokea orodha ya kazi zote zinazoendelea wakati ule. Nikaichagua ile ya dirisha la mafaili nikaiamuru ianze upya, na mashine ikazinduka bila kuzimwa. Kisha nikaikata ile alama ya ofisini. Nikatafuta tena: safari hii mstari ulikwenda mbali zaidi kidogo, ukaganda. Baba mdogo akasema, “Mlango mmoja umefunguka. Toa na hiyo diski.” Nikaitoa kwa utaratibu, nikatafuta katika mafaili ya kompyuta yenyewe. Haikuganda hata kidogo, ingawa ilijikokota. Nikairudisha diski, ikaganda. Nikaitoa, ikapona. Ilikuwa saa tano za usiku, na sasa tulijua ugonjwa uko upande gani.

Hapa ningependa kumwonya msomaji, maana nusura nipoteze kila kitu. Binti alikuwa amesoma katika simu yake kwamba ipo amri ya kuikagua diski na kuirekebisha, akanisihi tuitumie mara moja. Amri hiyo ipo na ni nzuri, lakini diski iliyoanguka ni kama mgonjwa mahututi: kuichokonoa ili itengenezwe kunaweza kuwa ndiyo pumzi yake ya mwisho. Kinachotangulia ni kunakili vilivyomo, pole pole, ilhali bado inasomeka. Matengenezo huja baadaye.

Ijumaa yote nilinakili folda za madaftari kutoka diski hadi ndani ya kompyuta, moja baada ya nyingine. Folda kumi zilihama salama. Ya nane ikanasa. Nikaiacha ya mwisho, kisha nikaihamisha picha kwa picha, nikiiruka kila picha iliyokataa. Picha tisa hazikusomeka. Ndipo nilipoelewa karani alikuwa amesimama wapi siku zote hizi: mashine ilipofika kwenye picha hizo tisa ilijaribu kuzisoma, ikashindwa, ikajaribu tena na tena, na mimi nje nikidhani imelala. Mama aliniletea kahawa, akaniuliza, “Na kama ukurasa wetu ni katika hizo tisa?” Sikuwa na jibu la kumpa.

Iliyobakia ilikuwa faharasa. Kule kuzima kwa nguvu mara nne kulikuwa kumeivuruga, ndiyo maana utafutaji ulijikokota hata bila diski. Katika mipangilio ya Windows, sehemu ihusuyo utafutaji, ipo nafasi ya kuamuru faharasa ifutwe na kujengwa upya. Wengi huogopa kuibonyeza, lakini kufutwa kwake hakufuti mafaili. Ni sawa na karani kuchana daftari chafu na kuanza kuandika jipya huku makabati yakiwa palepale. Ila kazi hiyo yataka subira. Ukiendelea kuishughulisha mashine, faharasa hujengwa kwa mwendo wa kinyonga, na mashine ikiwa katika betri, mwendo huzidi kupungua. Umeme wetu ulikatika saa moja ya jioni. Nilitoka nje nikaketi na mama gizani, ukungu ukishuka kutoka msituni, tukisikia maji yakiingia katika ndiva juu yetu. Yeye alinisimulia jinsi baba alivyokuwa akirudi kutoka vikaoni usiku na kuandika kwanza kabla hajala. Umeme ukarudi saa nne. Nikaiacha mashine peke yake, nikalala.

Jumamosi niliamka saa kumi na moja alfajiri. Mashine ilinijulisha kwamba faharasa imekamilika. Nikaandika: zamu. Jibu likaja kabla sijaondoa kidole. Hakuna kilichopatikana.

Nikaandika ndiva. Hakuna. Nikaandika Alhamisi, nikaandika azima, nikaandika jina la jirani. Hakuna, hakuna, hakuna, na kila mara upesi, kwa adabu, bila kuganda. Ndugu msomaji, nilijiona mpumbavu kuliko wote waliopata kuzaliwa Vudee. Zile picha 1,318 zilikuwa na majina ambayo kamera ilizipa yenyewe, herufi tatu na tarakimu nne, na si moja niliyoibadilisha. Faharasa ile haikuweza kuusoma mwandiko wa baba katika picha kama mwanadamu aujuavyo. Kwake kila ukurasa ulikuwa picha tu, sawa na picha ya mbuzi. Siku mbili nilikuwa nimehangaika kumzindua karani, kumbe hata akizinduka hana cha kunipa, kwa kuwa mimi sikuandikisha kitu.

Baba mdogo alifika saa kumi na mbili na nusu akiwa amevaa koti la vikaoni. Nilipomweleza, hakunicheka. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Fungua ukurasa wa mwisho wa kila daftari.”

Kwa nini?

“Kwa sababu nilimfundisha mimi.”

Picha zilikuwa zimepangika kwa mfuatano nilivyozipiga, basi haikuwa taabu. Ukurasa wa mwisho wa daftari la kwanza ulikuwa na mistari miwili iliyopigwa kwa rula. Kushoto majina ya nyumba, kulia namba za kurasa. La pili hali kadhalika. Madaftari yote kumi na moja yalikuwa hivyo. Baba, aliyesoma darasa la nne tu, alikuwa ametengeneza faharasa kwa mkono miaka mingi kabla sijaigusa kompyuta, nami niliipiga picha mwaka 2016 pasipo kuiona. Katika daftari la nane, mbele ya jina la jirani, palikuwa na namba 61. Nikahesabu picha. Ukurasa wa 58 haukusomeka. Wa 59 haukusomeka. Wa 60 ulisomeka nusu, chini umekatika kwa mistari ya kijivu. Wa 61 ulifunguka wote.

Nilisoma kimya, kisha nikatamani, naapa, mashine igande tena.

Mwandiko ulikuwa wa baba, umenyooka, na tarehe ya Februari 1984. Aliandika kwamba yeye, mwandishi, ameomba na kupewa zamu ya Alhamisi na nyumba ya jirani kwa kuwa jirani anakwenda Tanga kutafuta kazi, na kwamba ataitumia mpaka yeye au mwanawe atakaporudi kulima. Chini yake palikuwa na alama ya dole gumba la jirani na sahihi ya baba.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Hajui kusoma vizuri bila miwani, na miwani yake ilikuwa ndani. Akauliza, “Umeipata?” Baba mdogo aliangalia nje mlangoni. Nawaachia wasomaji wafikirie mambo yaliyonipitia akilini katika muda ule. Mtu pekee aliyejua kwamba ukurasa huo unasomeka alikuwa mimi na mzee mmoja ambaye ni damu yetu. Kurasa tisa zilikwisha kufa. Nani angeshangaa zikiwa kumi? Na mahindi ya mama yaliyo upande wa juu hayapati maji ila kwa Alhamisi.

Nikasema nimeipata. Nikamsomea neno kwa neno. Aliketi juu ya kigoda, akakunja ncha ya khanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. Miaka thelathini na tisa alikuwa amesadiki jambo moja. Mwishowe akasema, “Soma hivyo hivyo huko. Kama alivyoandika. Usije ukamfanya mwongo na amekwisha kufa.”

Kikao kilifanyika chini ya mti karibu na mlango wa ndiva. Niliibeba kompyuta mikononi kama mtu aliyebeba mtoto wa kuazima, nikausoma ukurasa wa 61 kwa sauti, kisha nikawapitishia wajumbe waone wenyewe, na jua lilikuwa kali hata ikabidi tufunike kioo kwa koti la Baba mdogo. Mwana wa jirani alilitazama dole gumba la baba yake kwa muda mrefu sana. Hakusema kwamba ameshinda. Aliuliza kama anaweza kupata nakala ya picha ile, kwa sababu nyumbani kwao hawana picha yoyote ya mzee wao. Kamati ikamrudishia zamu ya Alhamisi. Mjumbe mmoja akapendekeza kwamba mpaka mavuno ya vuli ile mama apewe maji ya Alhamisi kuanzia saa tisa, baada ya mwenye zamu kutosheka, na mwana wa jirani akaitikia kabla ya kuulizwa.

Jioni niliketi barazani na binti wa dada yangu. Yeye alisoma tarehe na jina la nyumba kutoka katika kila ukurasa, mimi nikabadilisha jina la picha: mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha namba ya daftari, kisha jambo lenyewe kwa maneno mawili au matatu. Nakala moja niliiweka katika flashi nikamwachia Baba mdogo, ambaye aliifunga ndani ya bahasha, akaandika juu yake namba, na kuiingiza katika daftari lake. Tulipochoka nilijaribu kuandika neno zamu. Yalikuja majibu arobaini na sita. Gari la Same lilipopiga honi Jumapili asubuhi tulikuwa tumefika picha ya mia mbili na kumi na mbili.